Foleni ya Herufi O

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, siku mliponikatia keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyoanza huku kwetu. Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa na sikuweza kukataa. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka: vyeo vilikuja vimechoka, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaandikia kuhusu foleni moja na mtoto mmoja aliyekuwa ndani yake, kwa kuwa mambo mengi mnayonisikia nikiyashikilia, yale mnayoyaita ukaidi wa Mama Salma nikiwa sipo, yalitoka hapo.

Baba yangu alikuwa na duka la leso na vitambaa mjini Migori. Alitoka Mombasa kijana, akasema atakaa msimu mmoja aone biashara, akazikwa hapa. Kwa kuwa hatukuwa na ukoo wa huku, wateja walinipa jina la nyar duka, yaani binti wa dukani, na mpaka leo wapo wazee wasiojua kwamba ninaitwa Salma. Nilipomaliza shule nilipelekwa Nairobi nikajifunza kuandika programu katika chuo kilichokuwa juu ya duka la viatu. Nikarudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya tisini na cheti ambacho baba alikitundika kando ya bei za leso.

Hospitali ya misheni ilikuwa imepata kompyuta kutoka kwa wafadhili. Ilifika imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Sista Bernadeta, mtawa aliyesimamia hospitali, alinikabidhi ufunguo wa chumba na kitambaa cha kupangusia vumbi. "Hii mashine usiiache na watu," alisema, "na watu usiwaache na mashine." Siku hiyo ya kwanza sikuigusa kazi yoyote maana stima ilipotea asubuhi na haikurudi. Nilipangusa vumbi. Jenereta lilikuwepo, lakini lilikuwa la chumba cha upasuaji, na liliwashwa tu mtu alipokuwa mezani. Kwa hiyo siku za giza nilipata kufanya kazi pale tu mwenzangu alipopasuliwa, na ilinibidi nijizuie nisifurahi.

Programu ya sajili ya wagonjwa ilikuja tayari, imetungwa Nairobi na mtu nisiyewahi kukutana naye. Ilifanya kazi namna hii. Iliwagawa wagonjwa katika mafungu kwa herufi ya kwanza ya jina lao la Kiafrika. A fungu lake, B fungu lake, mpaka mwisho. Ukimtaka mtu, mashine ilifungua fungu la herufi yake, ikaanza kusoma kutoka mgonjwa wa kwanza mpaka impate. Nairobi, mahali ambapo Wanjiku anapanga foleni na Mutua, na Kiprono, na Barasa, mpango huo ungewafaa. Lakini sisi tuko Migori. Mvulana wa Kijaluo akizaliwa usiku ni Otieno, jua likichomoza ni Okinyi, jua likiwa juu ni Ochieng'. Msichana ni Atieno, Akinyi, Achieng'. Fungu la O lilimeza wanaume wa tarafa nzima na la A likawameza dada zao, huku mafungu ya Q na X yakikaa matupu kama vyumba vya wageni.

Miezi ya kwanza hatukuona kitu. Sajili ilipojaa ndipo mambo yakaharibika. Karani wangu wa dirishani, Dismas, kijana mpole mwenye miwani, aliandika jina, akabonyeza, akakunja mikono. Skrini ilibaki na ile alama ndogo ya kijani ikipepesa. Mtu aliweza kwenda msalani na kurudi akaikuta ingali inapepesa. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita jikoni, ikaingia juani. Wakati huohuo, mgonjwa mwenye jina la kigeni kwetu, dereva wa lori kutoka Meru au mfanyabiashara Msomali, alipatikana mara moja. Mimi mwenyewe nilijitafuta kwa majaribio, nikatokea kabla sijaondoa kidole.

Watu wa foleni waliliona hilo kabla yangu na wakatoa hukumu yao. "Hii kompyuta inajua wageni tu," mzee mmoja alisema kwa sauti ya kusikika. "Sisi wenye nyumba inatuuliza ni nani."

"Ni ya kina nyar duka," mwingine akajibu. "Iko na dini yake."

Walicheka, nami nikacheka kidogo, lakini nilikuwa nimeumia. Nilikuwa nimetamani kazi hii ili niwatumikie watu ambao nimekua nao, na sasa ndio waliokuwa wakichomwa na jua.

Katika foleni hiyo ndimo alimokuwa Awuor. Alikuwa msichana mdogo mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu unaomshika mtoto kwa maumivu ya mifupa ambayo hakuna anayeweza kuyatazama akastarehe. Mama yake alimleta mara kwa mara, amembeba mgongoni hata baada ya kuwa mkubwa wa kutembea. Rekodi ya Awuor ilikuwa na onyo ambalo niliandika mwenyewe kwa herufi kubwa: ASIPEWE PENISILINI. Alikuwa amewahi kudungwa sindano ya dawa hiyo akavimba uso na koo, akaponea chupuchupu. Kwa hiyo daktari hakumgusa kabla rekodi haijaonekana, na rekodi ilikuwa imelala ndani kabisa ya fungu la A.

"Nyar duka, mimi naweza ngoja," mama yake aliniambia siku moja dirishani. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Hata mpaka jioni naweza ngoja. Lakini huyu mtoto hawezi ngoja."

Sista Bernadeta naye aliniita akaniambia kwamba mvua ndefu zikiisha na foleni ingali juani, kompyuta itaingia stoo na kadi za karatasi zitarudi.

Enzi hizo hapakuwa na mtandao wa kuuliza maswali. Ukikwama, umekwama na kitabu chako. Nilisikia kwamba Homa Bay kuna mwalimu wa hesabu, mama mmoja anayeitwa Risper, ambaye anafundisha kompyuta katika chuo cha ufundi na ana subira na wajinga. Nikamtumia salamu kupitia kondakta wa basi. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo: "Njoo Rodi Kopany Jumamosi. Usije na kompyuta, njoo na shida yako."

Rodi Kopany palichaguliwa kwa sababu palikuwa katikati yetu. Tulikutana katika hoteli ya chai isiyokuwa na stima wala meza iliyonyooka. Nataka mlielewe hilo, ninyi ambao hamuwezi kufikiri bila skrini tatu. Tulijifunza kuhusu kompyuta kwa miaka mingi mahali pasipokuwa na kompyuta hata moja. Mwalimu Risper alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa akikata chapati vipande kutuonyesha jinsi rekodi zinavyopangwa, kisha anakula mfano. Mwingine alikuwa Ouma, aliyetunza sajili ya wavuvi wa chama cha ushirika huko Homa Bay, kijana mrefu aliyevaa tai hata siku ya soko. Wengine walikuja na kupotea, lakini sisi watatu hatukukosa.

Jumamosi hiyo ya kwanza ilikuwa siku ya soko. Nilieleza shida yangu. Mwalimu Risper alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia Ouma.

"Omera, ndugu yangu, nenda sokoni uniletee Atieno."

"Atieno gani, Mwalimu?"

"Kompyuta ya Salma haiulizi gani. Nenda."

Ouma alikwenda. Tulikunywa chai ya kwanza, tukaagiza ya pili. Aliporudi tai ilikuwa imepinda na nyuma yake palikuwa na msafara wa kina mama, mmoja amekumbatia kuku, mwingine ameshika mizani, wote wakitaka kujua ni nani aliyewatoa kwenye biashara zao.

"Yawa, nani anaita mimi?" yule mwenye mizani aliuliza. "Samaki yangu ya omena nimeacha na nzi!"

Mwalimu aliwaomba radhi mmoja mmoja, akiwaita kwa heshima zote, mpaka wakaondoka wakicheka. Kisha akamwambia Ouma, "Sasa niletee Atieno nyar Kabuoch, ule anauza sufuria." Ouma alirudi naye chai haijapoa.

"Umeona?" Mwalimu aliniuliza. "Sisi huku tukikutana na mtu tunauliza kwanza umetoka wapi. Halafu, wewe ni mtoto wa nani. Jina linakuja mwisho, na wakati mwingine hata haliulizwi. Wewe pale dirishani unaanza na jina. Umemshika ng'ombe mkia, halafu unashangaa anakuburuta."

Ouma akaongeza kwamba kule kwake aliwapanga wavuvi kufuata mahali wanakotoka, kila eneo na faharasa yake, na mvuvi yeyote alitokea mara moja. Faharasa ninayoisema ni ileile ya nyuma ya kitabu: badala ya kupekua kurasa zote, unatazama orodha fupi inayokwambia uende ukurasa gani. Rekodi zetu zilikuwa na nafasi ya "kwao", ambayo makarani walikuwa wakiijaza siku zote bila mtu kuitumia. Nilirudi Migori nikiwa na furaha ya mtu aliyepona jino.

Ilinichukua majuma kadhaa kuiandika na kuijaribu, stima ikija na kuondoka itakavyo. Siku tulipoiwasha, Dismas aliuliza, "Kwenu ni wapi?" kisha jina, akabonyeza, na kabla hajakunja mikono mgonjwa alikuwa kwenye skrini. Foleni ilipungua, ikarudi ndani, ikakaa kwenye mabenchi kama watu waliostaarabika. Yule mzee wa hukumu alipatikana upesi mpaka akatazama nyuma kama kuna mtu aliyemsaidia. Sista Bernadeta alituletea njugu za kukaanga, na mvua zilipokwisha hakuna aliyetaja stoo. Nilijisikia mkubwa. Kule Rodi Kopany walinipigia makofi na Mwalimu akakata chapati kwa heshima yangu.

Ile njia ya zamani, ya kusoma fungu zima tangu mwanzo, ilibaki katika menyu. Sikuwa nimeifuta. Ningependa kuwaambia ilikuwa busara, lakini ulikuwa uvivu.

Asubuhi moja nilikuwa chumba cha nyuma nikirekebisha printa, ile iliyopiga kelele kama kinu cha posho, nilipomsikia Dismas akiandikisha mgonjwa mpya. Nilitoka kutafuta bisibisi, nikatupa jicho kwenye skrini. Jina lilikuwa Awuor. Kwao, Suna. Hilo halikunishtua, kina Awuor ni wengi na Suna ndiyo hapa mjini penyewe.

"Ni mgeni?" niliuliza, kwa kuzungumza tu.

"Kompyuta imesema hakuna," Dismas alijibu. "Ameletwa na nyanyake. Nyanya anasema mtoto ameshakuja hapa mara mingi, lakini hana kadi, imebaki kwa nyumba. Nikaona labda anachanganya na zahanati."

"Wako wapi?"

"Wameshaingia kwa daktari. Mtoto ana homa kali, analia sana."

Sijui kueleza vizuri kilichonipata. Jibu la "hakuna" lilikuwa limekuja upesi mno, na bibi mzima alikuwa amesema kinyume chake. Nilimwambia Dismas afungue njia ya zamani, fungu zima la A, asome kila mtu. Alinitazama kama nimemwambia aende Kisii kwa miguu.

"Itachukua muda, Mama."

"Ichukue."

Mimi nikaenda chumba cha sindano, nusu natembea nusu nakimbia, kwa vile hospitalini ukikimbia watu wote wanakufuata. Bibi alikuwa ameketi na mtoto mapajani, amefunikwa leso mpaka kichwani, uso hauonekani. Nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Daktari, kijana aliyehamia kwetu karibuni, alikuwa akiandika.

"Hiyo ni dawa gani?" niliuliza.

"Penisilini. Kuna shida?"

"Naomba mngoje. Kompyuta inamtafuta."

"Si mmesema ni mgonjwa mpya?"

"Tumesema hivyo. Sasa nasema mngoje."

"Madam, wewe ni daktari?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa na mtoto anayeungua mbele yake na mtu wa kompyuta mlangoni. "Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka imalize."

Nesi alinitazama, akamtazama daktari, akaweka bomba kwenye sinia. Tulingoja. Mtoto alilia ndani ya leso, bibi alimpapasa mgongo akinong'ona, "Nyathina, kuwe, kuwe," mwanangu, nyamaza. Nimefanya kazi miaka mingi na nimengoja mashine nyingi, lakini ile alama ya kijani nilikuwa naiona machoni ikipepesa nikiwa chumba kingine kabisa. Niliogopa. Niliogopa kwamba haitampata na nitakuwa nimemcheleweshea mtoto dawa bure, na niliogopa zaidi kwamba itampata.

Dismas alitokea mbio, miwani mkononi. "Yuko! Ni Awuor wetu! Ile herufi kubwa!"

Daktari alichukua lile bomba kwenye sinia akalimwaga kwenye beseni mwenyewe, kisha akavuta kiti akaanza kumpima mtoto upya kama mgonjwa wa selimundu anavyopaswa kupimwa. Alipewa dawa nyingine, akalazwa, na baada ya siku chache alirudi nyumbani mgongoni. Bibi alitaka kujua ni kwa nini tulingoja, nikamweleza yote kwa Kijaluo changu kibovu, naye akanishika mkono.

Rekodi ya Awuor haikuwa na kosa la kuandika hata moja. Kilichotokea ni hiki. Mama yake alizaliwa Kanyamwa akaolewa Suna. Kwa Wajaluo mwanamke akiolewa huitwa kwa alikozaliwa, nyar fulani, mpaka anazeeka. Dismas alipomuuliza siku ya kwanza, "Kwenu ni wapi?" alijibu kama alivyojibu maisha yake yote: Kanyamwa. Na rekodi ya mtoto ikaandikwa hivyo. Siku ile mama alikuwa amekwenda matangani, mtoto akaletwa na mama wa baba yake, ambaye kwake mjukuu ni wa Suna na swali halina jibu lingine. Wote wawili walisema kweli. Mashine yangu ya haraka ilifungua Suna, haikumwona, ikasema hakuna, tena kwa fahari.

Jumamosi iliyofuata niliwasimulia wenzangu. Ouma alifungua tai yake, mara ya kwanza kumwona hivyo. "Kwangu wote ni wanaume," alisema polepole. "Wanaume hawahami. Ndiyo maana sijawahi kuona hii kitu."

Mwalimu Risper hakula chapati. "Na mimi?" alisema. "Mimi ni nyar Karachuonyo, nimeolewa Kanyada, na watoto wangu nimewapeleka hospitali nikisema Karachuonyo. Nimekaa hapa nikakupigia makofi." Akacheka kicheko cha kujisikitikia, nasi tukamfuata.

Tulikaa mpaka wenye hoteli wakaanza kupanga viti. Tuliyokubaliana ndiyo mnayoyakuta hadi leo chini ya rangi zenu nzuri. Kila mgonjwa ana faharasa mbili, mahali alikozaliwa au alikozaliwa mama yake, na boma anakoishi, na mashine hutafuta kote kuwili. Ikimkosa, haina ruhusa ya kusema hakuna. Inaanza yenyewe kusoma wote, tangu wa kwanza, hata kama foleni inanung'unika. Na kuanzia siku hiyo, yeyote aliyekuja Rodi Kopany na njia mpya ya haraka aliulizwa kwanza njia hiyo itamkosa nani. Asiyejua alirudishwa nyumbani akamtafute huyo mtu. Wengine walikasirika wasirudi tena. Waliorudi ndio waliotufundisha mengi, na baadhi yao ndio waliowafundisha ninyi.

Mwalimu Risper ametangulia, Mungu amrehemu. Ouma anafuga kuku Mbita na bado ananipigia simu kubishana. Hoteli ya chai ni duka la simu sasa.

Juma langu la mwisho kazini nilikaa dirishani, maana kijana wenu alikuwa ameomba ruhusa. Alikuja mwanamke mwembamba, amevaa sweta kwenye jua la mchana, macho yake yana ile manjano ninayoifahamu. Alikuja kliniki yake ya kawaida. Nikafungua kinywa nimuulize kwao ni wapi.

"Nyar duka, bado uko?" alisema akitabasamu. "Ni mimi Awuor. Nyanya amenihadithia mpaka nimechoka, so wacha nikusaidie. Nitafute Kanyamwa, kwa mama. Ukikosa, nitafute Suna. Saa hii nimeolewa Kamagambo, nitafute na huko."

Aliegemeza viwiko dirishani, akasubiri nianze kuandika.

"Na ukinikosa kote, nitafute polepole. Mimi nitangoja."